Hodi Kutoka Ndani

Jana, chini ya kile kisanduku cha kuandikia neno la siri, hapakuwa na kitu. Mume angeweza kuapa. Alikuwa amekaa palepale mezani na mkewe, wakaitazama laptopu mpaka macho yakawawasha, na hapakuwa na kitu. Leo, Jumamosi mchana kweupe, jirani anapiga pasi huku redio yake ikiimba, pameandikwa maneno madogo ya kijivu: Kidokezo: alikuwa anaogopa nini?

"Umeandika wewe hiki?" mume akauliza.

"Nitakuwa mimi, nani mwingine?" mkewe akasema. "Labda niliandika kule wodini. Wodini akili yangu ilikuwa wapi?"

Akaandika: kuku. Mashine ikakataa. Lakini kabla haijakataa ilitoa pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba, na mezani pakanuka poda ya mtoto.

Tuelewane kwanza, maana hadithi ikianza na mashine watu husinzia. Mume huyu ni fundi majokofu. Mtaa mzima unamwita Baba Kijiko, na mkewe Mama Kijiko, kwa ajili ya binti yao wa pekee, ambaye alikuwa hatulii mpaka apewe kijiko akoroge: uji, chai, maji ya kudekia, chochote kilichomo chomboni. Mama Kijiko ni katibu muhtasi, na makatibu muhtasi, jamani, ndio watu wa siri. Ofisini walifundishwa kwamba neno la siri hubadilishwa kila mwezi na haliandikwi popote, naye akalishika somo hilo kuliko waliomfundisha. "Siri ikishaandikwa imeshatangazwa," alikuwa akisema, na kuwacheka wenzake waliobandika vikaratasi chini ya kibodi. Maneno yake aliyachota kinywani mwa Kijiko. Mtoto akitamka kitu cha kuchekesha, mama anakigeuza ufunguo. Nani angekisia? Ofisi iliponunua mashine mpya akapewa ile ya zamani aende nayo nyumbani, msimamizi wake yeye peke yake.

Halafu kifua kikambana Kijiko, wakalazwa. Siku moja kando ya kitanda mashine ikadai neno jipya, kama kawaida yake, na mama akaweka alichomsikia mtoto akisema wakati ule. Wiki haikuisha, Kijiko akafa. Neno likaenda naye.

Na humo ndimo alimokuwa Kijiko mzima. Picha, video, sauti yake akisoma herufi kwa kubahatisha. Simu ya mama ilikuwa imejaa, kwa hiyo kila kitu kilihamishiwa humo. Nje ya mashine mtoto alibaki kwenye picha moja tu ya kadi ya kliniki, na hapo penyewe kafumba macho. Sasa mnajua kwa nini mwanamke mzima alikuwa akikaa mbele ya kioo kile akiandika na kufuta, akiandika na kufuta, chai ikipoa.

Wakamwita Fundi Kasi. Jina hilo alipewa kwa kejeli, maana mwendo wake ni wa kobe, lakini kompyuta anazijua, na mazikoni alikuwepo. Akaigeuza mashine, akaipuliza vumbi, akagonga gonga vitufe.

"Kuifungua nitaifungua," akasema. "Ila itafunguka tupu. Mlifunga diski nzima kwa neno hilohilo. Nikilazimisha mlango, nitaingia nikute kuta."

"Na vitu vyake?"

"Vinafutika, dada."

Mama Kijiko akaifunika laptopu kwa viganja vyote viwili. "Basi iache. Afadhali imefungwa na yeye yumo."

Mume akamsindikiza fundi hadi nje. Akamuuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anauliza habari ya aibu, kama kidokezo huweza kubadilika.

"Kidokezo? Hapana. Ni sentensi moja, anaiandika mwenye mashine, basi."

"Hiki kinabadilika. Akijibu, kinauliza kingine."

Fundi Kasi akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akapachika begi begani na kuaga.

Kesho yake kuku wa jirani akajipenyeza uani. Baba Kijiko akaokota kokoto akamtupia, mkono ulikuwa umezoea.

"Mbona unamwonea kuku wa watu?" mkewe akauliza.

"Si mazoea tu. Ya Kijiko."

"Kijiko na kuku wapi na wapi?"

Mume akadhani ni mzaha, akafurahi hata, kwa sababu siku nyingi mkewe hajatania. "Wee! Umesahau alivyokuwa anapanda juu ya meza akimwona kuku? Unakumbuka siku ile aliyopanda na sahani yake?"

Mkewe akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayesimulia ndoto yake. "Nani alipanda mezani?" akasema.

Huzuni husahaulisha, mume akajiambia. Kila mtu aliyefiwa atakuambia hivyo. Lakini jioni alipopita nyuma ya kiti cha mkewe akaona kidokezo kipya, alikuwa anaimba nini akioga, na jibu limeshaandikwa, na ile pumzi ikatoka tena, ndefu, karibu na sikio lake. Akamwomba mkewe amwimbie ule wimbo. Mkewe akafungua kinywa, akakaa hivyo kinywa wazi, kisha akakifunga taratibu. Kulekule bafuni, ambako bomba lilikuwa limefungwa na taa imezimwa, kitu kikaanza kuguna ule wimbo, kwa kukosea palepale Kijiko alipokuwa akikosea.

"Umesikia?" mume akanong'ona.

"Nini?"

"Wimbo."

"Nasikia mtu anaimba," mkewe akasema. "Simjui."

Hapo mume akashikwa na hofu, na kusema kweli haikuwa hofu peke yake. Mguu mmoja ulitaka kukimbilia nje na wa pili ulitaka kukimbilia bafuni.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mama Kijiko akajibu jinsi mtoto alivyokuwa akivaa kandambili za baba yake, na tangu hapo kandambili ikawa inaburuzwa ukumbini, mguu mmoja mzito mmoja mwepesi, vilevile, na mama anainua kichwa kusikiliza bila kujua anasikiliza nini. Akajibu alivyokuwa akikohoa mara mbili kabla ya kusema uongo, na asubuhi yake kikohozi kikasikika nyuma ya pazia, mara mbili. Kila alichokitoa mama kilihamia upande wa pili wa ukuta, na kadiri yeye alivyopungua, kile kitu kiliongezeka, mpaka mume akawa anamjua mkewe kwa mashaka na kukijua kile kitu kwa hakika, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Jirani akapita akisalimia, "Mama Kijiko, hujambo?" na Mama Kijiko akageuka nyuma kutazama anayeitwa ni nani.

"Acha kujibu," mume akamsihi. "Nakuomba, mke wangu. Kila unachoandika kinakutoka."

"Limebaki moja tu," mkewe akasema, vidole havijaondoka kwenye kibodi. "Nahisi limebaki moja. Nikifungua nitamwona, yote yatarudi."

"Utamwona nani?"

Akafikiri sana. "Yule," akasema, na machozi yakamtoka.

Halafu ikaja hodi.

Hii nayo inahitaji maneno mawili. Mama Kijiko alikuwa amemfundisha binti yake kwamba mtu mwenye adabu haingii bila hodi, na Kijiko, kama walivyo watoto, akaizidisha adabu mpaka ikawa kero. Alipiga hodi jikoni. Alipiga hodi kwenye kabati kabla ya kutoa kikombe. Alipiga hodi chumbani kwake mwenyewe, na asipoitikiwa "Karibu, mwanangu" hasogei hata kama nje inanyesha. Basi siku hiyo, adhuhuri, mke na mume wako mezani, mlango wa chumba cha Kijiko umefungwa tangu mazishi, ikatoka sauti kwa ndani, ndogo, imekwaruza kidogo kwa kifua:

"Hodi."

Mume alishika ukingo wa meza mpaka kucha zikamwuma. Ilikuwa ni yeye. Sauti ni yake, kikwaruzo ni chake, hata kule kuivuta ile o ni kwake, na alijua, kama anavyojua jina la baba yake, kwamba alimshusha kaburini kwa mikono yake hii, na bado ulimi ulimpanda kinywani wenyewe kuitikia. Akaung'ata kwa meno. Mkewe alikuwa akitafuna, ametulia.

"Mtoto wa jirani?" mkewe akauliza.

Shangazi yake mume ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mwembamba mwenye mkoba wa plastiki, mwenye haraka zake. Mganga alifika mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akarudisha mguu nje.

"Poda," akasema. "Mna mtoto mchanga humu?"

"Hatuna mtoto," mume akajibu, na neno hilo lilimchoma.

Mganga hakukaa kitini. Alizunguka nyumba, akaweka sikio kwenye mlango wa chumba, akaisogelea laptopu bila kuigusa. Akamvuta mume na shangazi hadi jikoni, wakaongea kwa kunong'ona, vichwa vitatu pamoja.

"Ni jini asiye na umbo," mganga akasema. "Wa namna hiyo hushona. Mkeo anampa kitambaa, kipande kwa kipande, na yeye anashona mtoto. Amekaribia kumaliza."

"Anaweza kutolewa?" mume akauliza.

"Anatoka. Siku atakayopiga hodi tena, mmoja anayemjua mtoto amjibu: wewe si mwanangu. Aseme akijua anachosema. Mama hawezi tena. Hana wa kumlinganisha naye. Wewe unaweza. Ila ujue, akitoka anatoka na alichokula. Mkeo hatarudishiwa."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza atapiga hodi tena. Anaweza kungoja. Lakini asikaribishwe, umenisikia, baba? Akishakaribishwa amekuwa mwenye nyumba, hata mimi usiniite."

Shangazi akamshika mkono. "Mwanangu, akipiga tu, mjibu. Usimwonee huruma."

Haikuchukua muda. Mganga na shangazi hawajafika hata kwenye kona ya barabara, kandambili ikaburuzwa mpaka nyuma ya mlango. Kikohozi. Mara mbili.

"Hodi. Baba, hodi."

Baba. Miezi mizima hajaitwa hivyo. Baba Kijiko alisimama mbele ya ule mlango, maneno matatu yako tayari mdomoni, wewe si mwanangu, ni maneno matatu tu na hata mlevi angeyatamka, na akafikiri kwamba akiyasema hataisikia sauti hii tena mpaka naye azikwe, na mkewe hatakuwa na kumbukumbu ya kumsaidia kuibeba, na yeye atabaki peke yake duniani akimjua Kijiko, kama mtu wa mwisho anayesema lugha fulani. Akaweka paji la uso kwenye mbao. Kwa ndani, chini kidogo, usawa wa kiuno chake, kitu nacho kikaegemea.

"Kesho," akanong'ona. "Nitasema kesho."

Tumlaumu? Mimi simlaumu, lakini kosa ni kosa.

Jioni hiyo mkewe alilia. Alilia kwa namna ambayo mume hajaiona hata mazikoni, akijipigapiga kifua kama anatafuta kitu mfukoni. "Ninamlilia nani?" akauliza. "Niambie, mume wangu. Ninaumwa hapa na sijui ninamlilia nani. Fungua hiyo mashine nimwone."

Na kwenye kioo, kidokezo kilikuwa kimebadilika. Safari hii hakikumwuliza mama. Kiliandikwa: Kidokezo: baba, jina lake kamili?

Mume alikaa akakitazama. Yeye si mjinga, alijua anayeuliza ni nani. Lakini akapiga hesabu zake: jina si siri. Jina liko kwenye kadi ya kliniki, liko kwenye kibao cha kaburi, mtaa mzima unalijua. Jina litapoteaje? Atatoa hilo moja, mashine itafunguka, mkewe atamwona mtoto akicheka na kukoroga uji, atamjua upya, na kesho watasimama wawili mbele ya ule mlango waseme kwa pamoja. Hesabu ilikuwa nzuri. Kasoro yake ni kwamba hakujua jina ndilo kamba, na mengine yote yamefungwa humo.

Akaandika jina, herufi kwa herufi. Akabonyeza.

Pumzi ile ikatoka, ndefu mno, ikaendelea kutoka hata mtu angejiuliza itaishia wapi, na poda ikanuka mpaka kooni. Laptopu ikafunguka.

Walitazama video moja. Kitoto cha kike, kijiko mkononi, kimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kinakoroga sufuria tupu na kumwambia anayepiga picha asicheke. Anayepiga picha anacheka.

"Mtoto mzuri," Mama Kijiko akasema, akijifuta machozi yaliyokuwa yamekwisha.

"Mzuri," mume akasema. "Wa nani?"

"Sijui. Jikoni kwao kunafanana na kwetu."

Wakatazama ya pili, nusu, wakachoka. Video za watu huchosha.

Asubuhi Baba Kijiko akaichukua mashine hadi kwa Fundi Kasi. "Nifutie," akasema. "Mke wangu anataka kuandikia barua zake, na humu mmejaa vitu visivyo vyetu."

Fundi alipoona imefunguka aliruka kitini. "Mmepata neno! Baba Kijiko, mmepata! Halafu unataka nifute?"

"Ni picha za mtoto wa watu. Nani kazitia humu, sijui." Akacheka kidogo. "Na hilo jina mnaloniita, siku moja mtanieleza. Kwani nilikula nini na hicho kijiko?"

Fundi Kasi hakucheka. "Kaka," akasema polepole, "udongo tuliufukia pamoja. Mimi na wewe, koleo moja. Ngoja nikuonyeshe." Akaigeuza mashine, na mkono ukamkwama njiani.

Baba Kijiko akainua shingo. Chini ya kioo palikuwa na maandishi madogo ya kijivu. Kidokezo: na wewe, fundi, unamkumbuka? Aliyasoma, hayakumwambia kitu.

Lakini fundi alikuwa amepauka, jasho limemtoka juu ya mdomo. Alitazama chini ya meza yake, alikonusa kitu, kisha akaangalia nje barabarani kama anayetafuta mtu wa kumwita.

"Simkumbuki," akaiambia mashine, kwa sauti ya kuomba. "Mimi? Mimi simjui. Mimi ni fundi tu."

Akafuta. Siku hiyo peke yake, tangu azaliwe, alistahili jina lake. Hakupokea hata senti, alimsukumia Baba Kijiko laptopu yake na kufunga duka mchana.

Njiani machozi yalimtiririka Baba Kijiko, akailaani barabara kwa vumbi. Alimkumbuka mwanamke fulani mwenye mkoba wa plastiki, amesimama jikoni kwao, anaonya kitu kwa kunong'ona. Alikuja kwa ajili ya nini? Akatafuta kichwani, akaacha.

Nyumbani mkewe alikuwa ameandaa chai. Vikombe vitatu.

"Tuna mgeni?"

Mkewe akavihesabu kwa macho, akashangaa. "Hapana. Mkono umechukua tu." Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu lini, hakuna aliyekumbuka. Walikuwa watu wepesi, hawana msiba wowote. Akamimina vyote vitatu, maana chai ilikuwepo.

Ukumbini kandambili ikaburuzwa, mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi, ikasimama nyuma ya mlango. Mtu akakohoa, mara mbili.

"Hodi," ikasema sauti ndogo.

Mama Kijiko akaweka birika chini, uso umemkunjuka. Siku hizi watoto wanaingia nyumba za watu kama mbuzi, huyu amefundishwa.

"Sikia alivyo na adabu," akamwambia mumewe, akavuta kiti cha tatu. "Karibu, mwanangu. Karibu ndani."